Kitengo cha Kupunguza Subira ya Mifupa

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa Eastlands kwamba kuanzia leo hakuna mgonjwa atakayesubiri upasuaji wa mfupa kwa zaidi ya siku kumi na nne. Atakayezidisha atakuwa amekiuka sera."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye ukuta wa hospitali na Bwana Muoki mwenyewe, Naibu Mratibu wa Kitengo cha Kupunguza Subira. Muoki alikuwa ameisoma sera mara nne, akagundua jambo ambalo madaktari, kwa kuhangaika na mifupa tu, hawakuwa wameliona: sera ilikataza mgonjwa kuzidisha siku, haikusema apasuliwe.

Basi kila siku ya kumi na tatu, wagonjwa wa wodi ya mifupa walisukumwa na vitanda vyao mpaka hatua chache nje ya geti. Hapo walipewa karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kisha wakarudishwa ndani kama wagonjwa wapya. Mgonjwa mpya huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza. Takwimu zilipendeza mwezi ule ule. Makao makuu yalituma barua ya pongezi, na Muoki akaitia kwenye fremu.

Khavere, mshona viatu vya tairi wa soko la Kariokor, alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani mara mbili bila kuiona nyumba. Rundo la tairi lilikuwa limemwangukia likamvunja paja. Mguu wake ulifungwa kamba iliyopita juu ya ukingo wa kitanda, na mwishoni mwa kamba ikaning'inia chupa ya maji ya lita tano ili kuuvuta mfupa unyooke.

"Bwana Muoki," Daktari Jawahir, mpasuaji wa mifupa, alimwambia kwenye korido, "mfupa wa yule mama umeanza kuungana ukiwa umepinda. Ukikomaa hivyo mguu utakuwa mfupi, na nitalazimika kuuvunja upya. Thieta mpya ya upasuaji iko tayari. Vyuma viko, skrubu ziko. Nipe ufunguo."

"Daktari, thieta haijazinduliwa."

"Mfupa haujui uzinduzi."

"Ndiyo maana kuna Kitengo," Muoki alijibu kwa upole. Aliwaonea huruma watu wasioelewa utaratibu.

Uzinduzi ulipangwa siku ya Jumatano, saa nne na nusu asubuhi. Mkurugenzi Kweyu angetoka makao makuu na waandishi wa habari, akate utepe, kisha ashuhudie mgonjwa wa kwanza akiingizwa. Kwa bahati njema, siku hiyo ilikuwa pia ya kumi na tatu. Muoki aliamuru wagonjwa wote saba watolewe saa nne kamili, rejista isome sufuri, halafu warudishwe kabla mgeni hajafika. Sista Mbeti, muuguzi wa zamu, aliinamisha kichwa akasema sawa. Asubuhi ya Jumatano aliwanyima wagonjwa uji, akidai sufuria imeungua.

Vitanda vikatoka kwa mstari. Odongo, fundi wa mjengo aliyevunjika mkono, angeweza kutembea, lakini naye alisukumwa, kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya mtu anayetembea. Muoki akagawa karatasi saba, akatia mihuri saba.

"Haya, warudisheni."

Odongo akashuka kitandani. Akapita polepole kutoka kitanda hadi kitanda akikanyaga breki za magurudumu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayezima sigara.

"Unafanya nini, kijana?"

"Mimi? Buda, si umenitoa? Karatasi hii hapa. Sasa mimi ni raia tu niko kwa barabara."

"Mama Khavere," Muoki akamgeukia aliyemwona kuwa mtu mzima, "mwambie mwenzako."

"Nimwambie nini, Bwana Muoki? Umeandika nimepona." Alimwonyesha muhuri. Sauti ilikuwa ya adabu. "Ndani nimekaa siku thelathini na tisa nikihisi mguu wangu ukipinda. Kama ni kukaa tu, hata hapa kuna jua."

Muoki akamwita bawabu awasukume kwa nguvu. Bawabu akatazama mstari wa geti, akatazama vitanda.

"Mkubwa, kazi yangu inaishia hapa kwa geti."

Ndipo gari la Mkurugenzi lilipofika. Halikuweza kupita, vitanda vimeziba geti. Mkurugenzi Kweyu akashuka, kamera zikimfuata.

"Bwana Muoki, hawa ni akina nani?"

"Waliopona, Mheshimiwa."

"Na chupa za maji miguuni?"

"Ni ufuatiliaji baada ya tiba."

Mkurugenzi alivuta pumzi. "Sawa. Yuko wapi mgonjwa wa kuzindulia?"

Muoki akafungua rejista, ingawa alijua kilichomo. "Hakuna, Mheshimiwa. Tuna sufuri. Tumefanikiwa kabisa."

Waandishi wakaandika. Mkurugenzi akatazama utepe mwekundu kule ndani, ukipepea mbele ya thieta isiyo na mgonjwa.

"Mimi naweza kuwa mgonjwa," Khavere akasema. "Lakini wodini sirudi. Nikiingia, ni moja kwa moja thieta. Na hawa sita wanafuata leo na kesho, kwa orodha ya Daktari, na wewe, mama Mkurugenzi, utie sahihi hapa mbele ya kamera."

Mkurugenzi akatafuta kalamu. Muoki, kwa mazoea, akampa yake.

"Mmekula?" akauliza Daktari Jawahir, aliyekuwa amefika getini. "Sipasui mtu aliyeshiba."

"Hata uji hatujanywa," wakajibu kwa pamoja, na Sista Mbeti akatazama kwingine.

Khavere aliandikishwa saa nne na dakika arobaini, akaingia thieta saa tano. Kufikia kesho yake jioni, wenzake wote walikuwa wamepasuliwa. Thieta ikishafunguliwa ilikuwa vigumu kuifunga. Daktari Jawahir akaendelea na orodha yake kila asubuhi.

Miezi mitatu baadaye barua ilitoka makao makuu. Kwa kuwa rejista ilionyesha kwamba mgonjwa wa kwanza alisubiri dakika ishirini, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuzidisha siku kumi na tatu, subira ilikuwa imekwisha Eastlands. Kitengo kilivunjwa, na Naibu Mratibu alishukuriwa kwa kazi iliyotukuka.

Muoki alikimbilia makao makuu. "Mheshimiwa, watu walisubiri! Walisubiri sana! Kitengo kinahitajika!"

Mkurugenzi Kweyu akamwekea mezani ripoti zake zote. "Hizi si sahihi zako? Kama kuna mtu alisubiri, niletee."

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Muoki akatoka kwenda kumtafuta mgonjwa. Alimkuta Khavere Kariokor, amesimama kati ya wateja.

"Mama, nakuomba. Andika tu kwamba ulisubiri siku thelathini na tisa. Sahihi moja."

Khavere alifuta mikono, akaisoma ile karatasi mpaka mwisho, akamrudishia.

"Hapana, Bwana Muoki. Mimi niliingia saa nne na dakika arobaini, saa tano nikapasuliwa. Sijawahi kuona hospitali ya haraka vile."

Kisha akavuka njia kumhudumia mteja aliyekuwa akimwita, akitembea kwa hatua zilizo sawa.