Teroldego ya Padre Bruno

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Ushirombo
Nimesema uongo tena. Padre Bruno kapokea sanduku kutoka kwao, milimani, kaskazini ya Italia. Chupa mbili za divai, za zabibu ambazo hata Wazungu wengi hawazijui: Teroldego na Marzemino. Akawauliza wazee wa parokia nani anajua divai. Mdomo wangu ukanitangulia: mimi, nilionja sana mashambani Dodoma!
Generosa, mke wangu, kanikumbusha kwamba Dodoma nilikaa siku tatu, hospitalini, nikitibiwa sikio.

Jumatano, 7 Agosti
Mwalimu Makoye wa kwaya haniamini. Kataka Jumapili nijaribiwe: vikombe viwili vya divai ya Padre, kimoja cha divai ya Dodoma, nitaje ipi ni ipi bila kuona chupa. Padre kakubali kwa furaha. Makoye alicheka. Cheko lile silipendi.

Ijumaa, 9 Agosti
Mimi ni fundi cherehani, si mjinga. Nimemshonea blauzi Febronia, mpishi wa Padre. Naye kaahidi kuvipanga vikombe hivi: kushoto Teroldego, katikati Marzemino, kulia ya Dodoma. Kwisha!

Jumapili, 11 Agosti
Aibu. Aibu tupu!
Baada ya Misa, wazee wote barazani. Nikaonja cha kushoto, nikafumba macho. "Teroldego! Jua la Italia!" Padre akanikazia macho. Nikadhani anastaajabu. Cha kati nikasema Marzemino. Akaitikia kwa kichwa. Cha kulia nikaonja, nikatema kwenye maua. "Hii ya Dodoma, Padre. Ugoro mtupu!" Nikamwaga kikombe kizima.
Padre akavua miwani. Akasema taratibu kwamba niliyomwaga ndiyo Teroldego. Mizabibu aliipanda baba yake. Mzee kazikwa Machi, na yeye hakuweza kwenda. Alikuwa amemimina kikombeni mle divai yote iliyobaki.
Kumbe Febronia alihesabu akiwa upande wa Padre. Mimi nilikaa mkabala. Kushoto kwake, kulia kwangu. Mayu wane, mama yangu wee!
Nikamngoja Makoye acheke. Hakucheka. Alikichukua kikombe, akakinga tone la mwisho ulimini. "Pole, Padre," akasema. "Mzee alijua kulima."
Afadhali angecheka.

Jumatatu, 12 Agosti
Sikufungua cherehani. Generosa kanipa uji, kaniongezea na sukari. Matusi yangekuwa nafuu.

Alhamisi, 15 Agosti. Kupalizwa Bikira Maria
Nimekwenda kuomba radhi. "Tumsifu Yesu Kristo" yangu ilitoka kama ya mtoto. Nikaungama yote, hadi blauzi. Padre kanionyesha picha ya baba yake: mzee mfupi, mikono mikubwa, kashika mkasi wa kupogolea. Nililia. Nikaapa mbele ya picha ile: sitajidai tena kujua nisichokijua.
Padre akanishika bega, akanisindikiza. Mlangoni akalalamika kwamba kinanda cha kanisa kimekufa sauti nne, na fundi hapatikani.
Nimekileta nyumbani kwa mkokoteni. Nimemwambia kazi hiyo niliisomea Tabora.
Generosa anauliza Tabora nilifika lini.