Filister Hajajenga, Ni Mashine Pepe

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ukoo.
Nakala: Chifu.

Ndugu Mwenyekiti Maxwell, mwana wa baba mdogo,

Pokea salamu, zile ambazo wewe na kamati yako mlisahau kunipa Jumapili mlipoingia kwangu mkitoka kanisani. Naandika kwa Kiswahili ili Chifu, ambaye ni mtu wa Kehancha na haelewi Kijaluo, asije akaniita ofisini nimtafsirie.

KUH: KUFUKUZWA KWA BINTI YANGU FILISTER

Mliamua kwamba Filister, aliyerudi kutoka Awendo na mtoto wake baada ya ndoa kumshinda, aondoke kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu binti aliyeolewa hajengi ndani ya dala, yaani boma, ya babake. Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu, kwa hiyo sitakasirika. Nitaeleza.

1. Filister hajajenga. Mnaijua kompyuta yangu. Inaendeshwa na Linux, mfumo wa bure niliouzoea na ambao sitauacha. Lakini programu anayotumia Filister kupanga vijitabu vya mazishi inataka Windows. Badala ya kumng'oa huyo mzee Linux, alitengeneza ndani yake mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma inayokaa ndani ya kompyuta ya chuma, akaiweka Windows humo. Wataalamu huuita mfumo wa nje mwenyeji, na wa ndani mgeni. Mgeni ana saa yake, kioo chake na hifadhi yake, na hakuna msumari hata mmoja uliopigwa. Sasa tazama sebule yangu. Filister ana kitanda, meza na pazia. Msingi uko wapi? Mabati yako wapi? Huwezi kumshtaki mtu kwamba amejenga pazia.

2. Yuko kihalali. Mgeni wa ndani ya kompyuta lazima awe na leseni yake mwenyewe, na tumeinunua. Mkataba wake niliusoma wote kabla ya kubonyeza "Nakubali", jambo ambalo naamini hakuna mwingine aliyelifanya kutoka Rangwe hadi Homa Bay mjini. Hakuna mahali walipouliza kama mgeni ni wa kiume au wa kike, wala kama aliwahi kuolewa Awendo. Ikiwa watu wa mbali ambao hawajawahi kuuona ua wangu wameruhusu mfumo mzima kuishi ndani ya mwingine, kamati yenu inazuia kwa kifungu gani?

3. Hamkumwona. Mashine pepe inaweza kusimamishwa kwa muda bila kuzimwa, ikabaki kimya pale pale ilipofikia. Mlipobisha hodi, Filister alisimama nyuma ya pazia, akasimamishwa kwa muda. Kamati ilikunywa chai na kutoa hukumu juu ya mtu ambaye haikumwona. Kuhusu ile chafya aliyoisikia katibu wako Omosa, akauliza, "Mwalimu, una paka humu?", huo ulikuwa mlio wa mfumo. Mfumo una mafua tangu Alhamisi.

4. Ulisema, mbele ya mke wangu, "Msichana hana simba." Kwa faida ya Chifu: simba kwa Kijaluo si mnyama, ni nyumba anayojengewa kijana wa kiume ndani ya boma, karibu na lango. Kwa hiyo Chifu, ukisikia kwamba hapa kila boma lina simba, tafadhali usiwaite watu wa wanyamapori. Lakini simba ni nini, Maxwell, kama si mgeni ndani ya mwenyeji? Babu yetu aliendesha simba nyingi ndani ya boma moja, bila leseni hata moja. Wewe mwenyewe ulikaa katika yako hadi ukaota mvi, na hakuna kamati iliyokuja kunywa chai kwa sababu hiyo.

5. Hili linaniuma kulisema. Kijitabu cha mazishi ya mama yako, chenye maua pembeni, kile ulichokiinua juu mbele ya waombolezaji ukasema, "Hii kazi ni ya mtu aliyesoma," kilitengenezwa na Filister, ndani ya mgeni, ndani ya mwenyeji, ndani ya sebule yangu. Ikiwa mgeni ni haramu, kijitabu ni haramu, na mazishi yaliyofuata ratiba yake hayakufanyika. Itabidi mama yako aombolezwe upya. Nakuachia wewe uwaambie wajomba zako warudi, na waje na ng'ombe wengine.

Kwa hiyo naomba kamati imwandikishe Filister rasmi kuwa mashine pepe, na Omosa apige mhuri.

Nisalimie mke wako Jedidah, wanakwaya wote, na Omosa, ambaye yule paka mwenye mafua naye anamsalimia.

Ni mimi, mwenyeji,
Mwalimu Fanuel

N.B. Nilimpa Filister barua hii aichape. Aliicheka hadi akafika nambari ya tano, kisha akaacha kuchapa. Akasema, "Baba, umesahau kueleza kitu kimoja. Mwenyeji akizimika, mgeni naye anazimika hapo hapo. Na wewe umezeeka. Mimi sitaki pazia. Nataka mlango."

Nimetafuta jibu katika mkataba wote. Hakuna.

Basi futa nambari zote tano, na Omosa aweke mhuri wake mfukoni. Fundi Tony ameshapima kiwanja, ndani ya ua, mahali pa simba. Ulisema Filister amejenga, nami nikabisha. Jumamosi asubuhi utakuwa umesema kweli. Njoo na jembe.