Sauti Yangu Imeibwa

Jumatatu, 3 Juni

Sheria mpya imepita. Redio imeitangaza tena na tena kabla sijamaliza chai. Atakayenakili filamu, wimbo au kitabu cha mtu bila ruhusa na kukiuza: faini, jela, na vifaa vyake kuchukuliwa. Hata anayeshusha mtandaoni atazame mwenyewe sebuleni asijidanganye, naye yumo. Nikazima redio. Chai ikawa chungu ghafla, na sukari ilikuwamo.

Hainihusu, lakini. Mimi si muuza filamu. Mimi ni msanii! Nachukua filamu ya ng'ambo ambayo hapa mtaani hakuna anayeelewa hata salamu yake, naiwekea sauti yangu kwa Kiswahili: huyu ndiye mume, huyu ndiye adui, yule mwenye kofia mwangalieni vizuri, ana jambo lake. Naongeza vichekesho pale wenyewe walipovisahau. Halafu nawajazia wateja kwenye flashi. Bila Radi (ndiye mimi, jina la kazi) wangekuwa wanatazama watu wanafumbua midomo tu.

Nimemfafanulia Mama Watoto alipokuwa kwenye cherehani. Nikichukua kuku wako, nikamwambia, kuku hayupo. Nikichukua filamu yako, filamu bado unayo. Wizi uko wapi? Akasema habari za huyo kuku nikawaeleze polisi. Sanaa haijamwingia kabisa.

Na polisi gani? Sajenti mwenyewe huchukua kwangu za vita kila mwisho wa wiki. Muuguzi huchukua za mapenzi. Mwalimu wa hesabu huchukua zile ambazo huniomba flashi yake niifunge kwenye gazeti. Nani atamkamata nani?

Jumanne, 4 Juni

Tahadhari hata hivyo. Nimefuta maandishi ya mlangoni, "Filamu za Radi", nikaandika "Huduma za Kompyuta na Picha za Pasipoti". Kificho safi. Wateja wangu wanajua njia, serikali haijui.

Nilisahau jambo moja. Watu wanahitaji picha za pasipoti! Asubuhi tu alikuja mama na mapacha. Nikawapiga mapacha picha kwa simu mbele ya shuka la kitandani. Mchana akarudi amefura: ofisini wamemwambia hawapokei picha yenye maua ya waridi nyuma, na mmoja wa mapacha kafumba macho. Nikasema pacha wa pili kafumbua, si wanafanana? Hapo nikakimbilia stoo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeibiwa!

Nilikuwa kwa kinyozi. Upande mmoja wa kichwa tayari, wa pili bado. Runinga yake ikawashwa, nikasikia sauti tamu sana. Nikajisemea, huyu mtu anajua kazi. Ni mimi! Filamu yangu ya yule daktari mwongo, maneno yangu, kicheko changu. Ila mwanzoni, pale ninaposema "Hii ni sauti ya Radi", wamekata. Badala yake sauti kama bawaba kavu inasema: "Karibuni, ni mimi Kidevu."

Kidevu! Mwenye kibanda mkabala na posta. Mtu asiyeweza kusema "habari za asubuhi" bila kukwama.

Nilisimama na shuka la kinyozi shingoni nikadai haki yangu. Kinyozi akasema filamu ni filamu, kaa chini nimalize. Nikatoka. Nimepita sokoni kote na nusu ya nywele.

Mama Watoto alicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni. Kisha akauliza kwa upole, upole wake ule ninaouogopa, kwani sauti si bado ninayo? Nikamwambia hii ni tofauti. Akauliza tofauti gani. Nikaenda kuoga.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwendea Kidevu kumpa vidonge vyake. Akanipa kigoda. Akanipa soda baridi. Akasema, "Kaka, usiniangalie hivyo. Sauti ikishatoka mdomoni ni ya watu wote. Na mimi nimekusaidia, nimekutolea vikohozi vyote." Halafu akauliza kama sehemu ya pili ya daktari iko tayari, wateja wake wanasumbua.

Nilitaka kumkunja. Lakini soda ilikuwa bado nusu.

Jumamosi, 8 Juni

Mtego! Nimekaa nao tangu alfajiri na ni mzuri hadi najiogopa. Kidevu hasikilizi anachonakili, anakata mwanzo tu. Basi sehemu ya pili ya daktari nimeitoa leo, na katikati, panapokaribia upasuaji, nimeingiza kwa sauti nzito: "Aliyekuuzia filamu hii ni mwizi. Mrudishie, akupe chako." Atume mtu wake anunue kwangu, anakili, auze, aone.

Kufikia mchana sehemu ya pili ilikuwa mtaa mzima.

Kufikia jioni imerudi, mtaa mzima. Kwa Kidevu walirudi wengi. Kwangu walirudi wengi zaidi, maana na wao waliuziwa filamu hiyohiyo, na mimi. Hili sikulipigia hesabu. Mwalimu wa hesabu alinieleza taratibu, huku ananyoosha mkono. Sajenti naye alisimama mlangoni kwa sare, akaiweka flashi mezani na kunitazama kwa huzuni. Afadhali angenifokea.

Jumatatu, 10 Juni

Sasa ni sheria kwa sheria. Nimekwenda ofisi ya hakimiliki kumshitaki Kidevu.

Afisa ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Nilipofungua mdomo tu akaweka kalamu chini. "Wewe ni Radi?" Nikakiri. Akaniambia baba yake alipoteza macho miaka ya karibuni, na kila jioni humwashia filamu zangu. Hazioni, anasikiliza. Ndicho kitu pekee kinachomchekesha. Amekuwa akijiuliza siku moja atanishukuru vipi.

Nilivimba. Kiti kilinibana.

Ndipo akauliza, ile filamu yenyewe ruhusa nilipewa na nani. Nikamweleza habari za kuku. Hakucheka. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema, "Baba, umetoka nyumbani kwako mwenyewe, umepanda ngazi zangu, umekuja kujishitaki. Nikifanya kazi yangu sasa hivi, hiyo kompyuta yako haifiki kesho. Na jioni nikifika nyumbani nimwambie nini mzee?"

Nilifikiria cherehani ya Mama Watoto ikilisha nyumba peke yake. Sikuwa na mzaha wowote mdomoni. Mimi!

Akasema ananipa hadi mwezi ujao, sheria mpya inapoanza kutumika. Nifute kila kitu kisicho changu kabla ya hapo, naye atakuja kukagua mwenyewe, na akikuta hata filamu moja hatanijua. Kisha akasema sauti ni yangu, hakuna anayebisha. Nisimulie hadithi yangu mwenyewe, niisajili, na atakayeinakili atamshughulikia.

Atamshughulikia! Kidevu, umekwisha.

Alhamisi, 13 Juni

Nimefuta. Ni kama kuhama nyumba. Yule daktari nilimfuta mwisho.

Kisha hadithi. Tangu juzi nakaa mbele ya maikrofoni, sina hata moja. Nikianza, anatokea mtu mwenye kofia. Mama Watoto akasema kwani maishani hakuna lililonitokea mimi mwenyewe.

Basi leo watoto wakiwa shuleni nilijifunika blanketi chumbani, sauti isirudi ukutani, nikasimulia siku baba aliporudi kutoka migodini. Alikuwa ameondoka nikiwa mchanga. Tulipanga mstari uani, sisi na watoto wa majirani, akapita akitushika mikono, na mimi akanipita. Akamkumbatia mtoto wa fundi viatu, akamwita kwa jina langu. Na yule mtoto, kwa adabu, akaitika. Nikaeleza nilivyomfuata baba nyuma siku nzima nikipiga kelele za kila aina, milio ya magari, ya mbuzi, ya redio, ili ageuke. Na alivyogeuka.

Nilipotoa kichwa, cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama Watoto amesimama mlangoni, anafuta macho. Akasema ni vumbi la kitambaa. Akasema, "Miaka yote hii hujawahi kuniambia." Nikasema hukuwahi kuuliza. Akanipiga na utepe wa kupimia, lakini taratibu.

Jumamosi, 15 Juni

Nilimwarifu afisa kuwa hadithi iko tayari, naye amenipeleka kwa baba yake. "Shikamoo mzee." "Marahaba, Radi," kabla sijatajwa! Alisikiliza mkono ukiwa gotini. Kwenye mlio wa mbuzi alicheka hadi akakohoa. Mwishoni akaomba nimrudishie pale baba alipogeuka. Nikamrudishia. Akasema filamu zangu alizipenda, ila siku zote alihisi kuna watu wengi chumbani wanaongea nyuma yangu. Leo tulikuwa wawili.

Afisa amesema Jumatatu niende, atanisajilia, nitapewa cheti chenye muhuri. Amenipa mkono. Hawezi kueleza, alisema, anavyofurahi kuona mtu ameelewa.

Jumapili, 16 Juni

Nimeelewa! Nimekuwa mtu mpya. Nimemwambia Mama Watoto kazi ya mtu ni jasho lake na mwenye kuigusa bila ruhusa ni mwizi tu, hana jina lingine. Akanitazama kama anayeona kitambaa kizuri. Nimeingiza pia onyo kali mwanzoni mwa hadithi: ole wake atakayenakili.

Kitu kimoja tu kilipungua. Baba anapogeuka, panahitaji muziki. Asubuhi nimepekua mtandaoni nikapata wimbo wa dada mmoja wa mbali huko, anaimba hadi nywele zinasimama. Nimeushusha. Unakaa pale kama ulitungwa kwa ajili ya baba yangu. Na sijakurupuka, hapana: nimeupunguza mwendo kidogo, kwa hiyo ni wimbo mwingine kabisa.

Kesho nitamwomba afisa nao auandikishe kwa jina langu. Maadamu mihuri tunayo.