Vifaranga wa Fizikia

Jumatatu, 9 Juni
Fizikia yangu iko mahututi. Mwalimu mkuu, Bwana Mwongera, amesema wanafunzi wa kidato cha pili wasipojiandikisha angalau kumi, somo litafutwa na maabara apewe Madam Karambu wa upishi. Karambu tayari amepima dirisha. Pazia! Kwenye maabara! Nikikosa kufundisha fizikia mimi ni nani hapa shuleni? Lakini nina mbinu. Vijana wa hapa Manyatta wanapenda sayansi ya kuonekana. Siku ya wazazi, Ijumaa ya wiki ijayo, nitaangua vifaranga kwa balbu.

Jumanne, 10 Juni
Mashine tayari: katoni, balbu, kikopo cha maji. Wanafunzi wameleta mayai kutoka kwao, tumeyapanga pamoja. Karambu akauliza, kwa ule upole wake wenye sumu, kama najua kuku hulalia siku ishirini na moja. Najua! Ila kuku huinuka kula, kunywa na kugombana na wenzake. Balbu haiinuki. Siku kumi zinaitosha. Hesabu nimeipiga mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni
Stima ilipotea Alhamisi, leo imerudi na hasira, balbu ikawaka kama jiko. Mayai yameiva. Kivuti, mlinzi wetu, amekula mawili, kisha akalalamika kwamba hayana chumvi.

Alhamisi, 19 Juni
Penye nia pana njia. Nimetoka soko la Runyenjes na vifaranga kwenye mkoba. Muuzaji ameapa ni wachanga kabisa. Mmoja amenidonoa hadi damu.

Ijumaa, 20 Juni
Aibu! Wazazi walijaa. Nikafunua katoni kwa madaha. Makofi! Kifaranga mmoja akaruka, akatua kwenye kofia ya mwenyekiti wa bodi. Hata hapo ningeokoka. Ndipo Marcella, yule wa dirishani ambaye muhula mzima hajapata jibu hata moja, akainua mkono.

"Mwalimu, lakini hizi mayai si tuliweka Jumanne ya juzi? Ishirini na moja toa kumi... si imebaki siku kumi na moja?"

Kicheko, mabati yakatetemeka. Hesabu ya kwanza kuipata maishani, na anaipatia kwangu! Nimeumia sana.

Jumatatu, 23 Juni
Ishirini na wawili wamejiandikisha! Wa kwanza ni Marcella. Wanasema wanataka hesabu ya kunasa watu. Mbinu yangu imefaulu! Nikakimbilia ofisini kupokea pongezi. Bwana Mwongera akasema fizikia itabaki, ila mwalimu ni Karambu. Kumbe aliisomea chuoni, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Mimi nitatunza vifaranga.

Mchana kutwa nimekaa bandani nikitafuta nilipokosea. Nimepapata! Niliwanunua wakubwa mno. Ningenunua wa siku moja, huyo Marcella angeitoa wapi hesabu yake?