Kilo ya Sukari kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Machi 2004
Mke wangu Lubna bado yuko kwa mama yake, mtaa wa Buyenzi. Daktari kasema mimba imemletea sukari, na huku kwetu Kamenge risasi za vita hazilali. Mama Khadidja kaongeza kwamba binti yake hawezi kupona mikononi mwa mume asiyejua hata kupika mboga ya lengalenga. Asiyejua! Nina mpango. Nitaijua sukari ya mimba kuliko yeye, na mke wangu atarudi nyumbani.

Jumanne, 9 Machi
Nimekwenda siberi. Fortunat, mwenye siberi, akanitafutia kwenye intaneti, akachapisha rundo la karatasi za Kifaransa. Lo! Sentensi moja inaanza juu ya ukurasa, unaifuata mpaka chini, imekutupa. Nikamwomba Fortunat anieleze. Akasema kazi yake kuchapisha, si kuelewa.
Jioni nimepika chai, nikatoa vikombe viwili. Nimekirudisha kimoja.

Jumatano, 10 Machi
Nimesoma tena. Nilichoelewa: mama, mtoto, hatari. Nisichoelewa nimekipigia mstari mwekundu. Karatasi zote nyekundu. Zinapendeza, kama za profesa.

Ijumaa, 12 Machi
Baada ya sala, Buyenzi. Kanzu imepigwa pasi. Ukweni huendi mikono mitupu, basi nikabeba kilo ya sukari, nyeupe, safi. Mama Khadidja akaitazama sukari, akamtazama binti yake, akauliza kama nimekuja kumjulia hali mgonjwa au kummaliza. Majirani wote walisikia.
Lubna hakucheka. Akataka nimweleze karatasi. Nikaanza kusoma ile sentensi ndefu. Akanikatiza: “Anouar, mi sitaki Kifaransa. Mutoto atakuwa muzima? Na we, unaogopa?”
Nikasema nitakwenda kuangalia siberi. Akaniomba nikae naye kidogo. Nikasema mabasi yatakwisha. Yalikuwa bado mengi.

Jumapili, 14 Machi
Nyumba kimya. Ninaogopa, ndiyo. Ninaogopa sana, na nimemkumbuka mke wangu mpaka kifua kinauma. Haya yote hayako kwenye zile karatasi.
Mchana Lubna kamtuma dada yake: kuna kitanda, nihamie Buyenzi mpaka ajifungue, nikae naye tu, nisilete kitu. Mwanamume kulala ukweni! Na nisilete kitu! Maana yake sukari ilikuwa zawadi ndogo.
Nimeelewa. Kesho siberi, Fortunat anasema upo ukurasa mrefu zaidi. Na mama mkwe nitampelekea asali.