Mguu Ulioshindiliwa Pamba

Jumatatu, 5 Julai 1954. Geita.

Mguu wangu wa mti umepwaya tena. Kigutu kimekonda, kinachezacheza ndani. Kila hatua, ko! Soko zima linageuka. Na Jumapili baada ya misa Lukresia, mjane muuza uji, atanijibu kama ananikubali. Maganga naye kapeleka posa. Ana miguu miwili, na anavyoringa nayo! Lazima nitembee kimya.

Ansgar, fundi wa miguu hospitalini, alisema ukipwaya niongeze soksi nene, basi. Soksi! Mimi niliyeshindilia magunia ya pamba kabla mgodi haujaninyang'anya mguu! Nani wa kunifundisha kushindilia?

Jumatano, 7 Julai.

Nimejaza pamba, nikashindilia kwa mchi. Kimya kabisa! Nimepita mbele ya Maganga makusudi, nikarudi, nikapita tena. Lukresia kaniuliza mbona nimekunja uso. Nikajibu nawaza mambo makubwa. Kumbe pamba imeshikana kama jiwe, inanikandamiza palepale kwenye mfupa.

Ijumaa, 9 Julai.

Kigutu kimevimba. Kina doa jekundu lisilofutika. Ansgar aliniambia doa likibaki nipumzishe mguu. Nitaupumzisha Jumatatu. Shida, sasa hauingii! Lakini akili ninazo: samli.

Jumapili, 11 Julai.

Uliingia. Kwenye kupiga magoti ukachomoka, ukabingirika hadi miguuni pa Maganga. Aibu gani hii! Akauokota, akaufuta samli kwa shati lake la Jumapili, akaniletea bila kucheka. Hata hilo limeniudhi.

Nje Lukresia akaniketisha, akaniosha kidonda. Akasema, "Baba Damian, nikisikia mguu wako ndipo napakua uji. Juzi ulipokuja kimya, nilidhani umeshanisahau."

Amenikubali! Kanipa soksi aliyonifumia mwenyewe, na amri: nisivae mguu mpaka nipone. Nimelia mbele za watu. Nampenda mama huyu.

Jumamosi, 31 Julai.

Nimepona. Harusi kesho kutwa. Soksi ya Lukresia inakaa vizuri ajabu, haibani, haipwayi. Nimeikunja sandukuni isije ikachafuka. Maganga anajigamba kwamba kwenye ngoma hakuna wa kumfikia. Tutaona. Nimefikiri sana: kosa lilikuwa la pamba. Manyoya ya kuku ni laini zaidi. Jogoo wa harusi nimeshamnyonyoa, na mchi ninao.