Ndege Iliyovuka Mpaka Ikiwa Inabadilishwa Tairi

Jumatatu, 3 Machi

Kosa moja wiki iliyopita, la pili leo. Ijumaa mkuu wa zamu anaamua kama nathibitishwa kazini au narudi dukani kwa mjomba kupima misumari. Kosa la tatu likiingia kwenye faili, ni misumari. Na mama ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe anaongoza ndege.

Siongozi ndege. Mimi ni karani wa makabidhiano. Ndege ikikaribia mwisho wa anga letu, nampigia simu karani wa kituo jirani, namtajia jina la ndege, kimo chake na dakika itakayovuka mpaka. Anarudia niliyosema, kila mmoja anataja herufi zake mbili kama sahihi, tunakata. Herufi zake ni KZ. Sijawahi kumwona. Namwogopa kuliko daktari wa meno.

Leo nilimpa futi elfu thelathini na tatu badala ya thelathini na moja. Mwongoza ndege wetu aligundua mapema, hakuna aliyeumia ila mimi. KZ aliuliza kama shule nilisoma au nilichungulia tu dirishani. Akaniita mwanangu. Yule mama akikuita mwanangu, ujue umekwisha.

Nimewaza njia nzima. Nakosea kwa sababu ya haraka. Basi niwahi. Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umefanya kazi!

Ndege za asubuhi ni zilezile nane kila siku, saa zilezile, vimo vilevile. Jana jioni nilijaza vikaratasi vya safari zote nane kwenye meza ya chakula, mwandiko safi, mistari kwa rula. Dada aliuliza kama siku hizi kazini wanatoa homuweki. Leo saa mbili kamili, ndege ya kwanza haijafunga hata milango, nikampigia KZ na kumsomea zote nane kwa mkupuo, polepole, kama msoma taarifa ya habari.

Akauliza tangu lini kituo chetu kinajua mambo mapema namna hiyo. Nikasema tumeboresha huduma.

Zote nane zilivuka. Iliyopishana zaidi na nilichosema, dakika mbili. Mkuu wa zamu alipita akasema leo nimetulia kama mtu mzima. Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini.

Jumatano, 5 Machi

Nane kwa nane tena. KZ ameniita mtabiri, akauliza kama naweza kumtazamia na ndoa ya binti yake. Halafu akacheka, sauti kama kabati linaloburutwa. Anasema nimempunguzia kazi, siku hizi anakunywa chai ikiwa bado moto.

Mama amelipiga pasi shati la Ijumaa mara mbili. Sijamwambia habari za misumari.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwa penseli ili niweze kufuta.

Saa nne na dakika kumi na nne KZ akapiga. Ndege ya mizigo niliyomkabidhi saa mbili ilitakiwa kuvuka saa nne kamili, na haijamwita mtu yeyote redioni. Iko wapi?

Nikatazama dirishani. Ilikuwa palepale uwanjani, chini yangu, inabadilishwa tairi. Miguu ya fundi ilikuwa imechomoza chini ya tumbo la ndege, kiatu kimoja hakina kamba.

Nikasema imechelewa kidogo, upepo unaipiga kwa mbele. Akauliza rubani alisikikaje mara ya mwisho. Nikasema alisikika ametulia sana. Akasema amezuia ndege ya abiria isipande kwa kuiachia ya kwangu njia, na zikipita dakika nane anawapigia waokoaji. Hakuniita mwanangu. Sauti yake ilikuwa imekauka. Ndipo nikaogopa kweli, maana yule mama alikuwa anawaogopea watu waliomo.

Waokoaji au misumari. Fundi akajitokeza, akajifuta mikono, akarudi tena chini. Nikasema, mama, ndege iko chini. Akauliza imeanguka wapi. Nikasema haijaanguka, haijaondoka. Nikaeleza yote: vikaratasi, meza ya chakula, rula.

Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, akasema kuna tatizo. Kwa kuwa mimi huwa sikosei, leo naye aliwahi. Alishaikabidhi ndege hiyo kwa kituo cha tatu, kinachofuata baada ya chake, tangu asubuhi.

Kabla hatujakata, mkuu wa zamu akaingia na karatasi mkononi. Pongezi kutoka kituo cha tatu: ndege ya mizigo imepokelewa salama, makabidhiano safi kuliko yote ya mwezi huu. Akaisoma mara mbili. Akatazama dirishani.

Ijumaa, 7 Machi

Sikuthibitishwa. Sikufukuzwa pia. Mkuu anasema kosa la tatu limeingia kwenye faili, ila kwa kuwa nilisema mwenyewe kabla waokoaji hawajatoka, naongezewa miezi mitatu ya majaribio. Sharti: nisimtajie mtu ndege yoyote kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Na kila kosa lijaziwe fomu siku ileile, pande zote mbili zitie sahihi. Fomu ya jana niliijaza mbiombio nikaharibu nakala nne.

Shati, mkuu amelisifu.

Mama nimemwambia nimeongezewa muda. Ameshawatangazia majirani kwamba nimepandishwa cheo.

Jumapili, 9 Machi

Nimetulia, nimewaza vizuri. Kesho siwahi na ndege hata moja, neno la mkuu ni neno. Lakini fomu si ndege. Na fomu ndiyo iliyoniumbua majuzi, kwa sababu ya haraka.

Kwa hiyo leo nimeketi mezani nikajaza kabisa fomu ya kosa la kesho. Mwandiko safi, rula. Tarehe, saa, maelezo, kuomba radhi. Nimeacha wazi jina la ndege tu.

KZ yuko zamu leo. Nikampigia, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudia yote neno kwa neno, akataja herufi zake mbili.

Kisha akauliza kama ya Jumanne iko tayari.